Galaksi Yangu Siyo

Jumanne, Idsowe

Basi siyo. Miaka minne nimeamini kwamba ile nyutrino, chembe iliyonaswa kwenye barafu ya Ncha ya Kusini, ilitoka katika galaksi yangu, kundi la nyota ninalolichunguza. Leo mchana msimamizi wangu ameniandikia: wamepima upya njia yake, na galaksi yangu imebaki nje kabisa ya njia hiyo. Tasnifu yangu yote ilisimama hapo. Sijui nitaanza wapi, au kama nina nguvu ya kuanza.

Na Baba. Jumapili alisimama kanisani akatangaza kwamba binti yake amegundua ilikotoka chembe hiyo. Watu wakapiga makofi.

Nilimfuata shambani nikamweleza. Akaacha kupalilia.

"Kwani haikutoka popote?"

"Ilitoka mahali, Baba. Hatujui wapi."

"Mtajua lini?"

"Huenda tusijue kamwe."

Akatazama mpunga. "Basi Jumapili nitasimama tena, niwaambie tulikosea."

Tulikosea, alisema. Yeye ambaye hata picha ya galaksi hiyo hajawahi kuiona. Niligeuka nikarudi nyumbani haraka, asinione nikilia.