Kabla ya Bati Jekundu

Jumatatu, 3 Juni

Nimefika. Uwanja wa ndege ni mfupi kuliko nilivyoambiwa – mita mia tano za lami, zinapanda kuelekea ukuta wa mlima. Gazeti linataka habari ya marubani wanaotua hapa. Marubani! Amebaki mmoja. Wenzake wamehamia ndege kubwa.

Wanamwita Breki. Mama wa redio, anayeongea na ndege kutoka kibandani, kanieleza kwa nini: siku moja alitua uwanja mkubwa wa mjini, akakanyaga breki kwa mazoea, akasimama mwanzoni kabisa mwa njia. Ndege zilizomfuata zikabaki zinazunguka angani. "Na kilomita tatu zote zilikuwa zake!" Akacheka mpaka akafuta machozi. Breki mwenyewe alikuwa pale, anakunywa chai.

Jumanne, 4 Juni

Nimepanda naye, nimekaa nyuma yake na msaidizi wake. Kanuni ni moja. Chini kuna shule yenye paa la bati jekundu. Kabla ya bati, ukiwa na shaka, unakata kushoto, unatokea bondeni. Ukishalipita, hakuna kugeuza – mbele ni mlima. Kwa hiyo wakilikaribia, msaidizi wake huuliza, "Tunashuka?" Naye hujibu, "Tunashuka." Halafu kimya mpaka magurudumu yaguse.

Tulipogusa nilijikuta nimeng'ang'ania mkanda kwa mikono miwili.

Abiria wakashuka, kila mtu na njia yake. Breki akabaki chini ya bawa, anakula mkate peke yake. Nikamuuliza kinachomtisha. Jumapili, akasema. Siku asiyoruka.

Jumatano, 5 Juni

Mawingu. Hakuna ndege. Breki anaishi nyumba hii hii ya wageni, chumba kinachotazamana na changu. Tangu mkewe afariki hajapanga nyumba nyingine. Jozi mbili za viatu, pasi, kitanda kimetandikwa kama cha hospitali.

Kumbe kibali chake cha kutua hapa kinaisha Ijumaa. Ili kiongezwe, lazima atue mkaguzi akiwa ndani. Asipotua, kwa umri wake hawatamfundisha upya – atapewa meza ofisini. Kanieleza haya kama anayetaja bei ya nyanya.

Nimempigia mwanangu. "Mzee, nipo kikaoni, nitakucheki." Sawa.

Alhamisi, 6 Juni

Mchana palifunguka kidogo. Breki akaondoka kwenda kumchukua mkaguzi. Mlango wake umefungwa. Nyumba nzima, mimi na mlinzi. Mwanangu hajanicheki.

Ijumaa, 7 Juni

Naandikia kibandani. Asubuhi haikuonekana hata nguzo ya bendera. Sasa bonde limefunguka. Breki yuko angani, mkaguzi nyuma yake. Mama wa redio kampa hali ya upepo, kisha: "Njoo basi, Breki, chai inapoa." Akajibu kwamba ya baridi hanywi, achemshe nyingine.

Naiona! Taa mbili chini ya wingu. Imenyooka vizuri. Mama wa redio amesimama.

Kipande cha wingu kinateleza kutoka mlimani – chembamba, kama moshi wa jiko. Uwanja bado nauona. Mimi ningetua. Mkaguzi pengine asingesema neno.

Inakata kushoto. Kabla ya bati. Injini zinanguruma, mkia unaingia bondeni, basi.

Mama wa redio amebonyeza kitufe. "Baba, nafasi bado ipo. Zunguka, urudi." Si Breki tena – Baba, kama anayemwita mzazi wake.

Wingu la pili linashuka, hili nene. Paa la shule silioni. Sauti ya ndege bado ipo. Kama inakuja au inakwenda, siwezi kuandika.

"Baba, unanisikia?"

Kitufe hajakiachia. Redio hii, ukibonyeza unasema tu, husikii. Namwambia akiachie, huenda anajibu. Anatikisa kichwa: na asipojibu?

Haachii.