Makadirio ya Jezi ya Baba

London, 6 Februari 1989

Kaka Theoneste,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu. Mguu wa Mama unaendeleaje? Kibanja mmekipalilia?

Ile jezi aliyoniachia Baba, aliyobadilishana na mchezaji wa Kiingereza kule Kampala mwaka 1957, nimeipeleka kwenye nyumba ya mnada. Mkadiriaji alitazama jezi za aina hiyo ziliuzwaje mwaka jana, akahesabu matundu, akafurahi kusikia haijawahi kufuliwa. Ameandika pauni 600 hadi 900. Ile bei ya chini huwekwa chini makusudi, wanunuzi wavutike.

Ila anataka ushahidi wa mtu aliyekuwepo jezi ilipofika nyumbani. Ni wewe tu.

Mdogo wako,
Anastazi

Ihanda, 9 Machi 1989

Anastazi,

Marahaba. Mguu wa Mama umepona, aliyemhangaikia unamjua.

Hesabu yako nimeisoma mara tatu. Mrithi ni mimi. Siku ya kuondoa matanga ukoo ulinivika koti la Baba, limeliwa na mende mpaka kwapani. Wewe ukapata jezi! Mimi nilianza na baiskeli moja, nabeba kahawa za watu. Leo nina mashine ya kukoboa. Sijauza jasho la mtu.

Haya, ushahidi huo, una muhuri wa kata. Mpe Mzungu wako bila kuufungua.

Kaka yako,
Theoneste

London, 17 Aprili 1989

Kaka,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo.

Mzungu hajui Kiswahili. Aliufungua ushahidi wako, akanirudishia: "Nisomee." Umeandika kwamba Baba aliinunua jezi kwenye kafaulaya, kwenye mitumba ya sokoni, shilingi tatu. Ningeweza kumsomea jingine. Nilisoma kilichoandikwa.

Akafuta 600 hadi 900, akaandika 20. Akauliza, "Huyu ni nani kwenu?" Nikamjibu, "Ndiye muuzaji." Fomu niliijaza kwa jina lako tangu mwanzo, kaka. Wewe ndiye mrithi.

Mdogo wako,
Anastazi

Ihanda, 2 Juni 1989

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mama anakuulizia, sijamwambia kitu.

Wiki tatu sijaenda mashineni. Nakuandikia ushahidi mwingine. Najua atasema barua mbili za mwandiko mmoja zinapingana, na pengine hata ile 20 itafutika. Msomee hivyo hivyo.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba alirudi kutoka Kampala akiwa amevaa jezi ya bluu, namba nane mgongoni. Alisema Mwingereza aliivua mwenyewe uwanjani, naye akampa ya kwake. Nilinyoosha mkono. Akaniambia, "Usiiguse, una matope." Nikaenda kunawa. Niliporudi alikuwa ameshaifungia sandukuni.

Miaka miwili baadaye ulizaliwa wewe, akaitoa, akakufunika nayo.

Mzungu akiuliza kwa nini nilisema uongo, msomee na hapo.

Kaka yako,
Theoneste