Meza ya Randa Imeingia Bonde

Jumatatu, 6 Mei 2024

Mvua tangu alfajiri. Meza ya mashine ya randa imeota kutu upande wa kuingizia mbao — duara tatu, sawasawa na kitako cha glasi. Ni fundi mwenzangu Hafidhi na juisi yake ya miwa yenye barafu. Nimefuta kwa mafuta ya taa na msasa laini, nikifuata urefu wa meza bila kukandamiza. Kisha nta ya mshumaa, kitambaa kikavu. Dakika arobaini zangu kwa kiu ya mtu mwingine.

Nikamwambia asiweke glasi pale. Akacheka mbele ya mafundi wote; kwake kila Mchaga ni Mangi. "Mangi, hiyo meza au mkeo?"

Amenitangulia hapa miaka miwili na sijawahi kumwona na kitambaa mkononi.

Jumatano, 8 Mei 2024

Duara mbili nyingine. Safari hii kaiweka glasi huku ananitazama. Nikaandika kwa chaki: USIWEKE KITU. Saa saba chaki imefutika, juu yake sahani ya chipsi.

Bosi Azzan kapita, kaona kutu. Kanigombeza mimi, maana mashine iko chini yangu. Hafidhi nyuma yake, anatikisa kichwa kwa masikitiko. Mshenzi.

Alhamisi, 9 Mei 2024

Nilitumwa Magomeni kufunga milango. Narudi saa tisa — meza inameremeta kama sufuria mpya. Hafidhi kaipitishia grinda ya kusagia vyuma. Grinda!

Bosi amefurahi. "Umeona, Elimringi? Mwenzako kamaliza kutu kwa nusu saa."

Nikalaza rula ya chuma. Katikati mwanga unapita chini yake. Nikaingiza karatasi iliyokunjwa mara mbili, ikapita bila kugusa. Meza imeliwa, ina bonde. Ubao ukipita hapo ukingo haunyooki, hata asukume nani.

Nikamwonyesha bosi. Akasema chuma hakiliwi kirahisi hivyo, na wivu haunifai.

Basi.

Jumatatu, 13 Mei 2024

Badriya, mwenye duka la mapazia hapa Mchafukoge, kaleta mbao sita za mvule. Zilikuwa kitanda cha marehemu mama yake, anataka meza ya kulia. Si pana, hazina pa kupunguza sana.

Bosi akauliza nani atapiga randa. Nikasema Hafidhi, si ndiye aliyeitengeneza mashine? Nilisema kwa adabu kabisa. Wote wakaridhika.

Nilibaki kwenye benchi langu nachonga mguu wa kiti, namsikiliza. Ubao wa kwanza, wa pili. Wa tatu akaanza kunung'unika, akaurudia. Wa nne kaurudia mara tatu. Unazidi kupungua na ukingo bado umepinda. Nilisikia raha. Naandika ukweli: raha.

Saa kumi na moja Badriya akaja kuchungulia. Hajui habari za kingo. Aliupapasa ubao, akanusa kiganja chake, akaniuliza kama kazi inaenda vizuri.

Niliinamia mguu wangu wa kiti.

Akacheka. Akamwambia bosi kesho saa mbili atakuja kutazama, na hizo mbili zilizobaki nizipige mimi kwenye mashine ile ile. Yeye anapenda fundi asiye na maneno mengi.