Nguo ya Kuzamia ya Gaudiosa

Bukoba, 3 Machi 2026

Kaka Dismas, shikamoo. Huku tu wazima, ila magoti ya mama yanamsumbua. Wewe je, baridi ya huko imepungua?

Nimemaliza mafunzo ya polisi wa akiba! Wengi watapangiwa kulinda soko na kuvusha watoto wa shule. Lakini kuna kazi maalumu pia, na mimi nimeomba uzamiaji, wale wanaotafuta watu ziwani. Nafasi ni moja, tumebaki mimi na Vedasto wa mashine ya kusaga. Majaribio ni tarehe 18 Aprili, na kila mtu aje na nguo yake ya kuzamia. Hapa mjini nimeikosa. Nitafutie huko, kaka. Wewe ndiye uliyenifundisha kupiga mbizi.

Mdogo wako,
Gaudiosa

Guangzhou, 11 Machi 2026

Mdogo wangu, marahaba. Mimi mzima, nashinda kwenye maduka ya Zhanqian Road nikichagua magauni ya wateja mpaka miguu inawaka moto. Mpe mama pole.

Hongera. Sikufichi, nimeona wivu. Mara tatu niliomba kazi hiyo, na mara tatu daktari alichungulia sikio langu la kushoto akatikisa kichwa. Sikio lililopasuka siku nilipokutoa chini ya gati, ukiwa na miaka tisa! Leo sare unavaa wewe. Haya.

Nguo nimeipata soko la Liuhua kwa laoban mmoja, mama mwenye duka, mkali kweli. Nyeusi, ina mstari wa njano. Inapanda ndege Ijumaa.

Kaka yako,
Dismas

Guangzhou, 14 Aprili 2026

Mdogo wangu, hamjambo? Magoti ya mama?

Naandika kwa aibu. Mzigo umekwama, watu wa kago wananipiga kalenda tu. Hautawahi. Usilie, kulinda soko nako ni kazi ya heshima. Mwakani utajaribu tena. Mimi nimeshazoea kukosa.

Kaka yako,
Dismas

Bukoba, 20 Aprili 2026

Kaka Dismas, shikamoo. Mama hajambo, anatembea mpaka kanisani.

Jirani yetu Bertila alirudi kutoka huko tarehe 10. Anasema alipita kwako kuchukua magauni, akakukuta umesimama mbele ya kioo umevaa nguo nyeusi ya mpira yenye mstari wa njano. Zipu haikufunga. Alicheka sana. Mimi sikucheka. Nilingoja barua yako nione utasema nini.

Nilikwenda kwenye majaribio na ile kaptula yako ya bluu uliyoiacha. Vedasto alikuja na nguo ya kuazima, nzuri. Maji yalikuwa baridi, meno yanagongana. Walitupa tofali chini ya gati lile lile. Nikaibuka nalo mara ya kwanza. Vedasto amepangiwa soko.

Mkuu wa kikosi aliniuliza ni nani aliyenifundisha. Nikamjibu nilijifunza mwenyewe.

Nguo baki nayo, ingawa haikutoshi.

Gaudiosa,
Mzamiaji, Polisi wa Akiba