Wazee wa Gahanna

Kaka Jovini,

Amani ya Bwana iwe nanyi huko Buffalo. Sisi hatujambo, mtoto wetu Fides ameota jino la kwanza.

Naona haya kukuandikia. Nilipohama Louisville, wote mlijua nakwenda Columbus kusomea uchungaji, kisha nije kuongoza kanisa lenu la huko Buffalo. Masomo yalinishinda, nikayaacha. Sasa naogesha wazee katika nyumba ya kuwatunza hapa Gahanna, kando ya Columbus. Siku ya kwanza nilijifungia chooni nikalia.

Jana mzee mmoja asiyesema na mtu alinishika mkono. "Usiende," akasema. Nikabaki, na moyo ukatulia kuliko ulivyowahi kutulia madhabahuni.

Kaka, tafuteni mchungaji mwingine. Waumini wakiuliza, usiseme naumwa. Waambie naogesha wazee, na sitaki kuacha.

Mdogo wako,
Protasi