Namba Aliyoificha Hellena Kwenye Ulezi

Jumapili, 6 Julai 2025

Baridi. Upepo wa hapa Kasense hauna huruma mwezi huu. Baada ya misa nimechaji simu ya Hellena, mara ya kwanza tangu tumzike. Nilitaka kuona picha zake tu. Zikaanza kuingia meseji za lile kundi lake, Jicho Kali — watu wasiojuana hata sura, wanatumiana vioja vya mtandaoni. Boga lenye pua. Nyumba iliyojengwa juu chini. Na picha zenye namba iliyofichwa. Anayeiona kwanza anasifiwa, basi. Leo ni pundamilia. Nikakaza macho mpaka yakatoa machozi. 58, kwenye mistari ya shingo. Nikaandika, nikatuma. Bila kufikiri.

Likatokea jina la mke wangu, na uso wake.

Shedrack, msimamizi wao, yuko Matai, akajibu papo hapo: Mama Faith umefufuka! Tulidhani umetukimbia.

Nikazima simu.

Jumanne, 8 Julai

Nimeiwasha tena. Kuna binti wa Wampembe, Jasmin. Shikamoo mama, siku hizi macho yamezeeka? Nakutangulia tu. Nikaandika marahaba mwanangu, ni baridi. Baridi si uongo, ipo. Lakini marahaba ile haikuwa yangu kuitikia.

Alipokuwa hai, kila jioni Hellena alikuwa akinisogezea simu wakati wa taarifa ya habari. Hebu tazama hii, baba Faith. Nilikuwa nasema baadaye.

Alhamisi, 10 Julai

Faith amepiga kutoka Mbeya. Amefungua simu kazini, akaona mama yake yuko hewani. Baba, nimekaa chini sakafuni, watu wananishangaa. Ni wewe? Nikasema ni mimi. Akauliza kama wenzake kundini wanajua amefariki. Kisha: waambie, baba. Kadiri unavyochelewa watajisikia vibaya zaidi, na wewe pia.

Nimeahidi kesho.

Ijumaa, 11 Julai

Sikuwaambia.

Jumatano, 16 Julai

Shedrack ametangaza kwamba Jumamosi ni zamu ya Mama Faith kuleta picha aliyoitengeneza mwenyewe. Jasmin akadakia: mama, ulituahidi ngumu kuliko zote, usituletee ya chekechea.

Nimetafuta kwenye simu. Ipo. Ulezi wetu umeanikwa juu ya turubai, mistari ya vidole vyake imejaa kila upande. Siku ile naikumbuka. Alisema, nimeficha namba humu, unaiona? Nilikuwa na gunia mkononi, jua linazama, nataka kumaliza. Naiona, nikasema. Alifurahi kweli. Hata hakuniuliza ni ngapi, aliniamini. Nikaukusanya ulezi. Ndio uliopikwa uji wa msibani.

Nimeitazama picha mchana kutwa. Nimeikuza, nimeigeuza. Sioni kitu.

Jumamosi, 19 Julai

Nilipanga hivi: niweke picha, halafu chini yake niwaambie. Kwamba Hellena alifariki mwezi wa sita, na hii ndiyo aliyowaachia.

Picha imekwenda. Mimi naandika kwa kidole kimoja, polepole, na majibu yameshaanza. Jasmin: 74. Mwingine: 31, imelala ubavu. Shedrack: vipofu nyie, ni 9 tu, iko peke yake kwenye kona. Jasmin: kaka Shedrack nunua miwani. Wanataniana tu. Nikiitazama picha naiona 74. Nikiitazama tena naiona 31, imelala ubavu kama alivyosema yule.

Jasmin tena: mama, tunaona unaandika, usitutese. Nani kapata?

Aliyekuwa anajua ni mmoja.

Nimeiweka simu mezani, nimekuja kuandika hapa kwanza. Meseji yangu imeishia kwenye jina lake, sijaituma. Kundi zima bado halijui. Wanamsubiri.