Majina Yangu Matatu

Jumanne jioni, Kibaha

Kumbe ni rahisi hivyo! Miaka miwili nashona nguo hapa mtaa wa Kwa Mathias, wote wananijua kama Mama Shani tu. Leo shemeji yangu wa kule kijijini Vihingo, mdogo wake yule mwanamume niliyemkimbia kwa kipigo, kasimama mlangoni anachekacheka.

"Jana nilidhani nimekufananisha, shemeji. Nikaandika namba ya kwenye kibao chako kama natuma hela, majina yako yote matatu yakaja. Sikutuma hata shilingi."

Hata shilingi! Niliweka kidole kusajili laini kwa sababu ni lazima. Hakuna aliyeniambia kwamba mtu yeyote ataweza kunisoma mpaka jina la babu, na simu yangu isitoe hata mlio.

Nikaenda kwa jirani, wakala wa pesa za simu. Eti, "Dada, huo si ndio usalama? Ili mtu asikosee kutuma."

Usalama wa nani?

Nimeifuta namba kwenye kibao kwa mafuta ya taa, mikono bado inanuka. Lakini nafuta nini sasa? Shemeji alipotoka tu pale mlangoni, simu yake ilikuwa sikioni.